Pikipiki ya Mume Wangu Haiibwi

Jumatatu, 3 Machi

Leo natimiza wiki tatu tangu niwe mke wa mtu. Bado kila nikiandika maneno haya mawili, Mume Wangu, nainuka kidogo kitini kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni. Nayaandika kwa herufi kubwa. Anastahili.

Nilikuwa nimepanga kuandika jinsi alivyonimenyea chungwa asubuhi bila kulikata ganda. Ganda zima likatoka refu kama utepe! Akanizungushia mkononi, akasema ni bangili, akaniita Tulizo. Ananiita hivyo tangu siku ya harusi. Hakuna mwingine aniitaye hivyo duniani.

Lakini siwezi kuandika habari za chungwa. Wezi wameniharibia siku.

Muuza gesi ameibiwa pikipiki. Mchana kweupe! Alikuwa kwa kinyozi, povu usoni, shavu moja limeshanyolewa, la pili bado. Akasikia mlio wa injini anayoijua. Akatoka mbio na kitambaa cha kinyozi kinapepea shingoni. Alichokipata ni vumbi. Sasa anatembea na nusu ndevu na amekataa katakata kumaliziwa. Anasema shavu la pili litanyolewa siku pikipiki itakaporudi.

Na si yeye wa kwanza. Ndiyo maana Tajiri wa bekari amewaita wasambazaji wake wote na kuwaambia: atakayeibiwa pikipiki, au mikate yake ikichelewa, njia yake anapewa mwenzake. Hivyo hivyo, bila kupepesa macho! Mume Wangu ndiye anayesambaza mikate ya asubuhi na ya alasiri madukani. Pikipiki ni yake mwenyewe. Aliinunua kabla hajanunua pete yangu, na simlaumu, maana bila hiyo pikipiki tusingejuana. Alinirushia tope. Alirudi kuomba radhi. Mengine ni historia.

Tena Jumamosi hii Tajiri ataamua nani apewe mikate ya hospitali. Ile ndiyo njia inayotamaniwa na kila mwenye kreti. Mume Wangu anaitaka mpaka anaitaja usingizini, baada ya kunitaja mimi.

Pikipiki ikiibwa, kwaheri hospitali, kwaheri mikate. Basi haiibwi. Nimekula kiapo.

Wifi amenicheka. Wifi ni dada yake Mume Wangu. Amepanga chumba cha jirani na mumewe, na ua wetu ni mmoja. Huyo mumewe, Shemeji, ana pikipiki mpya nyeusi yenye king'ora. Ukiigusa tu inalia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni. Jioni hii Wifi ameigusa makusudi, tena na tena, eti anaifuta vumbi. Nikamwambia nyumba yetu inalindwa na mapenzi. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Wifi yangu," akasema, "mapenzi hayafungi pikipiki."

Tutaona.

Jumanne, 4 Machi

Mimi ni fundi cherehani. Nashona mapazia kwa Mama Pazia, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vyombo. Pazia la Mama Pazia halipeperuki ovyo, kwa sababu ndani ya pindo la chini tunashonea vipande vidogo vya chuma. Mteja havioni. Anaona tu pazia limetulia kama mtoto wa watu.

Sasa fikiri. Mwizi haibi asichokiona! Jana usiku nikachukua mabaki ya kitambaa kizito cha rangi ya zambarau, nikashona vazi la pikipiki, refu mpaka chini, vyuma kwenye pindo, na kamba mgongoni zinazopita kwenye vitundu kama za kiatu. Fundo la mwisho nimelibuni mwenyewe. Hata mimi linanisumbua.

Asubuhi nikamvalisha Mume Wangu pikipiki yake. Yaani nikaivalisha pikipiki. Furaha inanichanganya.

Amerudi mchana amechoka. Kila duka ilimbidi aivalishe, aingize mikate, atoke, aivue. Duka la mwisho watu walikuwa wameshakunywa chai kavu. Njiani vyuma vya pindo vilimpiga kwenye miundi mpaka anachechemea. Mwenye duka mmoja alimpa pole na kuuliza mazishi ni lini. Watoto wa shule wakaimba kuwa bi harusi amepita.

Watu hawana shukrani! Wanalalamika wezi, wezi, na mtu akileta ulinzi wanaimba.

Yeye hakulalamika hata kidogo. Alisema tu kitambaa ni kizuri mno kukaa juani, afadhali tukitandike kitandani. Kitandani kwetu! Nani mwingine ana mume wa namna hii?

Wifi alisimama mlangoni kwake anakuna sufuria. Kuna ukimya wenye kelele kuliko king'ora.

Jumatano, 5 Machi

Mwizi kitu cha kwanza kushika ni nini? Mikono ya usukani! Sijui kwa nini hakuna aliyewahi kulifikiria hili.

Nikasaga pilipili kali, nikachanganya na mafuta ya kupikia, nikapaka usukani wote, klachi na breki. Kwa ajili ya Mume Wangu nikashona glovu za mahameli nyekundu, mabaki ya pazia la ofisi fulani, nikaziweka juu ya kiti. Kila kitu kilikuwa kimepangwa. Lililobaki ni kumwambia tu azivae, na hilo nililisahau kwa sababu aliponiaga alinibusu kwenye paji la uso, na akili yangu ikaenda zake.

Alipoziona glovu alidhani ni zawadi. Hakutaka zichafuke. Akazikunja, akazitia mfuko wa shati, upande wa moyo. Niambieni, kosa hapo ni la nani? Ni la mapenzi.

Kwenye mteremko akajifuta jasho la machoni.

Alisimamisha pikipiki kwa kuisikiliza tu, maana kuona hakuona tena. Mpita njia akammwagia maji. Kisha, maskini, akaendelea na kazi kwa mikono ile ile. Maduka mawili yamerudisha mikate. Mteja mmoja alirudi na kipande mkononi, ulimi nje. Bibi mmoja aliagiza mingine miwili ya aina hiyo, lakini Tajiri wa bekari hakutaka kusikia habari za bibi huyo.

Tajiri amempa onyo. Lalamiko moja zaidi, aache kuota hospitali, hata njia aliyo nayo ataiona kwa mbali.

Aliporudi macho mekundu nilidhani amelia kwa kunikosa. Nikamkumbatia. Akaniomba nisimguse uso.

Nimeudhika na Tajiri huyu. Pikipiki ya nani iliyoibwa leo? Si yetu! Hilo halihesabiwi? Mtu anahesabu mikate tu!

Alhamisi, 6 Machi

Usingizi wa mchana wa Mume Wangu ni kitu cha kutazama. Anaanza kazi kabla ya jogoo, kwa hiyo baada ya chakula cha mchana hujilaza hadi alasiri. Analala mkono mmoja chini ya shavu kama mtoto. Nilimtazama mpaka nikapata wazo.

Mwizi haibi kwa kupenda. Anaiba auze. Sasa pikipiki ambayo kila mtu mjini anaijua ni ya nani, atamuuzia nani?

Nilikuwa nimeomba ruhusa kwa Mama Pazia, pamoja na mabaki ya rangi aliyopakia milango ya duka lake. Rangi ya waridi. Nikapaka. Tangi, matairi pembeni, kreti la mikate, bomba la moshi, hata stendi. Kisha kwa rangi nyeupe nikachora mioyo, mikubwa na midogo, mmoja una mshale. Kwenye tangi nikaandika MKE WANGU ANANISUBIRI. Kwenye bati la nyuma: NIMESHAOA. Taa ya mbele nikaizungushia maua ya plastiki ya meza yetu ya harusi.

Nilirudi nyuma hatua kadhaa nikaitazama. Machozi yalinitoka. Kama kuna pikipiki peponi, ziko hivi.

Aliamka. Akatoka. Akasimama. Akaizunguka mara ya kwanza, akaizunguka mara ya pili upande wa kinyume, kama anayetafuta mlango wa kutokea. Akakaa kwenye ngazi.

"Umejitahidi, Tulizo," akasema.

Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Huenda ni mabaki ya pilipili, lakini mimi najua furaha ya mume wangu nikiiona.

Amerudi jioni. Chakula hakumaliza. Nimesikia kutoka kwa mama wa mboga kwamba njia nzima watu walitoka madukani kumtazama, na kwamba kinyozi alimsimamisha na kumuuliza anasubiriwa na mke gani huyo, ili na yeye ampelekee salamu. Wivu! Mke wa kinyozi hajawahi kumpakia rangi hata kiti.

Kwa usalama zaidi nimeazima mnyororo na kufuli la Shemeji. Nilidhani Wifi atakataa. Alinipa kwa vidole viwili, akasema chukua tu, mwenye king'ora hahitaji minyororo, minyororo ni ya mbwa. Nimeyaweka maneno hayo moyoni. Yatatumika.

Ijumaa, 7 Machi

Nimekaa kitandani, goti limechubuka, naandika ukweli wote, kwa sababu mtaani unazunguka ukweli wa aina nyingine.

Mnyororo hukatwa. Kila mtu anajua. Lakini pikipiki bila plagi haiwaki hata mwizi awe profesa. Plagi naijua, nimemwona Mume Wangu akiisafisha kwa mswaki, na jinsi anavyoipuliza kwa midomo ile... Basi mchana, alipolala, nikachukua spana nikaifungua. Nikaifunga kwenye leso, nikaificha kifuani, karibu na moyo. Nilikusudia kuirudisha kabla hajaamka. Mwenyezi ni shahidi.

Nikapita dukani mara moja tu. Huko nikakuta msimamizi wa ukumbi wa mikutano ameleta kazi ya mapazia mapana, anayataka Jumatatu alfajiri. Mama Pazia akanikalisha kwenye cherehani, na cherehani ikishaanza kuimba mimi husahau hata kula.

Alasiri nikainua shingo nikachungulia dirishani. Chini barabarani, mwanaume anasukuma pikipiki yetu!

Hakuwa Mume Wangu. Mume Wangu ana mwendo wa simba. Huyu alikuwa ameinama, amevaa koti refu la mvua na kofia ngumu yenye kioo cheusi kilichoshushwa, wakati mbinguni hakuna wingu hata la dawa. Anasukuma upesi upesi, anapita kando ya kuta. Nani mwingine anatembea hivyo kama si mwizi?

Nikapiga ukelele wa mwizi kupitia dirishani, vyombo vya duka la chini vikatikisika.

Mtaa wetu nausifu. Walitoka wote. Kinyozi na mkasi, mteja wake nyuma yake. Mama wa mboga alibaki na mboga zake lakini alinyoosha kidole vizuri. Muuza gesi aliwatangulia wote, nusu ndevu ikipepea, kwa sababu yule alikuwa na deni na wezi. Wifi na Shemeji walitoka uani mbio, Wifi kiatu mguu mmoja. Mjumbe wa mtaa akatokea amevaa fulana ya ndani, akamzungushia yule mtu mikono yake miwili, akatangaza kwamba hapigwi mtu hapa mpaka aulizwe maswali.

Sikuwa nimesikia tangazo hilo. Nilikuwa nashuka ngazi na bomba la pazia. Nikaanguka, nikainuka, nikafika, nikampiga kofia. Ililia kama sufuria tupu.

Mjumbe akauliza pikipiki ni ya nani. Mtaa mzima ukajibu kwa sauti moja kuwa ni yetu. Mnaona faida ya rangi?

Kisha mwizi akasema, kutoka ndani ya kofia:

"Tulizo, ni mimi."

Damu ilinichemka! Wezi wa siku hizi wamefika wapi? Wanapeleleza mpaka vyumbani kwa watu! Jina ambalo hata mama yangu halijui, limo mdomoni mwa mwizi! Nikampiga tena, safari hii kwa niaba ya ndoa yangu.

Muuza gesi akamvua kofia.

Alikuwa Mume Wangu. Jasho linamtiririka, nywele zimelala upande mmoja. Hajawahi kuwa mzuri vile.

Mjumbe alimuuliza kwa nini amejifunika kana kwamba nyuki wanataka kumuuma. Mume Wangu akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, akasema jua lilikuwa kali. Koti la mvua kwa ajili ya jua! Lakini mimi sikuliona hilo kwa wakati ule. Akaulizwa kwa nini anasukuma. Akasema ameamka, pikipiki haiwaki, mikate inasubiri bekari, akaamua kuikokota mpaka kwa fundi. Shemeji akainama akachungulia injini. Akasema plagi hakuna.

Plagi imeibwa! Watu wakaanza kulaani. Wezi hawa wameanza kula pikipiki vipande vipande! Mjumbe akaapa kwamba aliyeichukua atalala anapostahili kulala.

Hapo ndipo nilipoikumbuka leso.

Nikaingiza mkono kifuani. Nikaitoa. Bado ilikuwa na joto langu.

Muuza gesi ndiye aliyeanza. Alicheka. Mara ya kwanza tangu Jumatatu. Alicheka mpaka akakaa chini barabarani.

Na katikati ya kicheko hicho tukasikia kutoka nyumbani mlio wa mbuzi aliyebanwa mlangoni. Kinyozi akasema haya, Wifi wa watu ameanza tena kufuta vumbi. Watu wakacheka. Mimi nikageuza shingo.

Wifi alikuwa amesimama ubavuni kwangu.

Tukatazamana. Kisha tukakimbia wote, mtaa mzima, tukaiacha pikipiki ya waridi peke yake katikati ya barabara.

Uani palikuwa peupe.

Jumamosi, 8 Machi

Kumbe kosa ni langu! Ndivyo Wifi anavyosema, tena kwa kila anayepita. Eti kama mnyororo ungekuwa kwao, pikipiki ya mumewe isingeibwa. Eti nilifanya mtaa wote utoke nje ili mwizi aingie. Nikamkumbusha maneno yake mwenyewe, kwamba minyororo ni ya mbwa. Akaniambia nisimtie maneno yake mdomoni. Yametoka wapi basi kama si humo?

Na hata hivyo pikipiki yao imepatikana jana hiyo hiyo, kabla ya magharibi. Ilikuwa ndani ya mtaro ng'ambo ya daraja, imelala ubavu, bado inalia, sauti imekauka. Mwizi alishindwa kuinyamazisha. Alipita nayo mitaa yote inapiga kelele, watu wanachungulia madirishani, mwisho akaitupa akakimbia kwa miguu. Kwa hiyo sasa king'ora kimekuwa shujaa. Wifi amekipangusa kwa kitambaa kisafi.

Lakini lililonikosesha raha si hilo. Ni alilonisimulia mama wa mboga leo asubuhi, ananipimia nyanya. Alibaki barabarani sisi tulipokimbilia nyumbani. Anasema mwizi alizungukia nyuma akatokea pale pale, juu ya pikipiki ya Shemeji inayolia. Akaiona yetu. Imesimama, haina mtu, haina mnyororo. Akapunguza mwendo. Mama wa mboga akadhani sasa anaiacha ile yenye kelele achukue hii iliyo kimya. Mwizi akaitazama kuanzia gurudumu la mbele mpaka la nyuma, akasoma maandishi yote.

Akatikisa kichwa akaenda zake.

Akatikisa kichwa! Ina kasoro gani? Nauliza tu, ina kasoro gani? Plagi hakujua kama haipo! Mtu yuko tayari kuiba kelele mchana kweupe kuliko kupanda mapenzi ya watu! Mama wa mboga anasema nishukuru. Nishukuru nini? Nimetukanwa mbele ya mboga.

Sasa habari za Tajiri. Jana mikate ya alasiri ilifika jioni. Mume Wangu ameenda bekari leo amevaa shati lake la harusi, kama mtu anayekwenda kuzika njia yake. Nilimsubiri mlangoni kama ilivyoandikwa kwenye tangi.

Amepewa hospitali! Kuanzia Jumatatu!

Inasemekana wenye maduka walipiga simu. Tangu Alhamisi watu wanaisubiri pikipiki ya waridi, wanatoka kuitazama, wakishatoka wananunua mkate. Hakuna aliyebakiza hata mmoja. Tajiri akasema amehangaika miaka mingi kutafuta tangazo la namna hiyo. Ametoa masharti mawili. La kwanza, Jumatatu mikate iwe hospitali kabla wagonjwa hawajapewa chai, akichelewa hata kidogo njia anapewa mwingine. La pili, rangi isifutwe kamwe.

Mume Wangu alinisimulia lile la pili akiwa ametazama ukuta. Furaha ikimzidi huwa hivyo.

Nikapiga vigelegele mpaka king'ora cha Shemeji kikaitikia.

Jumapili, 9 Machi

Siku tamu kuliko zote. Tumerudisha mnyororo wa watu. Mume Wangu amenunua wetu, mzito, na kufuli kubwa kama ngumi ya mtu mzima. Tukaifunga pikipiki kwenye nondo za dirisha letu, sisi wawili, mkono wangu juu ya wake.

Kisha akanikalisha, akaishika mikono yangu yote miwili. Alisema ananipenda. Alisema hajaona mwanamke mwenye bidii kama mimi. Alisema kesho ndiyo siku ambayo maisha yetu yanaanza kunyooka, na kwamba ana ombi moja tu.

"Kufuli linatosha, Tulizo. Tafadhali. Usiongeze kitu."

Nikaahidi. Angeomba mwezi ningemtungulia.

Na sikuongeza kitu. Nilipunguza! Kufuli lilikuja na funguo mbili. Nimewaza: wezi wote hupitia wapi? Kwenye ufunguo wa akiba. Nyumba nyingi zimeangamia kwa ufunguo wa akiba. Nikautumbukiza chooni. Mwizi auendee huko kama ana ubavu.

Ukabaki mmoja, juu ya meza, unang'aa, kila mtu anauona. Hilo nalo ni ulinzi? Nilikuwa na mapazia ya ukumbi nyumbani, Mama Pazia aliniruhusu nimalizie hapa na wenye ukumbi wayachukue hapa hapa, nilikuwa nimefika kwenye pindo za chini. Vyuma vikaniishia. Nikautazama ufunguo. Uzito wake ni ule ule kabisa.

Ndani ya pindo la pazia! Nani atapasua pindo la pazia kutafuta ufunguo wa kufuli la pikipiki? Nimeushona kwa mshono wa kurudia. Asubuhi nitaufumua mapema, nimkabidhi na busu. Atashangaa.

Jumatatu, 10 Machi

Watu wa ukumbi wana haraka ya ajabu. Walisema alfajiri, nami nilidhani ni alfajiri ya kawaida, ile ya watu wote. Gari lao lilikuja tungali tumelala. Wifi, ambaye siku hizi anaamka kabla ya kuku ili akipanguse king'ora chake, aliyaona mapazia yamekunjwa vizuri barazani, akawasaidia kuyapakia. Akawasaidia! Nani alimtuma? Tangu lini Wifi akasaidia kazi zangu?

Mume Wangu alitoka amevaa shati lililopigwa pasi, na mfukoni zile glovu nyekundu. Aliitazama pikipiki, nikaapa nimeona anatabasamu. Akanyoosha mkono akaomba ufunguo.

Nikamwambia kwa fahari kwamba uko mahali ambapo mwizi hataupata mpaka kiama.

Kisha akauliza taratibu, kama anayezungumza na mgonjwa: "Na sisi je?"

Wiki nzima namlinda mtu usiku na mchana, na swali ninaloulizwa ni hilo!

Nikamweleza. Kwamba ni pazia tu. Kwamba ukumbi una madirisha, hauna milima. Kwamba nitapanda ngazi nipapase pindo moja baada ya jingine mpaka niupate, kabla ya adhuhuri kila kitu kitakuwa sawa. Alikaa kwenye ngazi ile ile aliyokaa siku ya rangi. Shemeji, bila kuulizwa na mtu, akawasha pikipiki yake nyeusi akaenda bekari kuchukua mikate ya hospitali. Wifi akasimama mlangoni anakuna sufuria iliyokwisha kutakata. Baadaye simu ikaja. Hospitali imeipokea mikate kwa wakati, Tajiri amemsifu Shemeji, anasema atafikiria upya.

Afikirie! Huyo ni mtu wa kupeperuka, kama pazia lisilo na chuma. Na Wifi nitamjibu siku yake. Jambo moja nimejifunza wiki hii: kufuli moja halitoshi. Kesho natafuta la pili, la kulilinda la kwanza, na ufunguo wake tayari nimeshajua nitauweka wapi. Tajiri wa bekari hachunguzi unga wake.

Mume Wangu bado amekaa pale ngazini. Nimempelekea chai, nimemfuta bega, nimemwonyesha kwa kidole anachopaswa kukiona. Mtaa mzima unatetemeka kwa ajili ya wezi. Ya muuza gesi haijarudi. Ya Shemeji iliwahi kulala mtaroni. Yetu, hiyo hapo, mioyo yake yote imetimia, imekumbatia nondo za dirisha letu. Haijaibwa. Haiibwi. Haiendi popote.